Kusafisha Filamu: Chembe, Ung'avu wa Picha na Athari za Istilahi katika Matoleo ya Sinema ya Ubora wa Juu

Ikisiri

Makala hii inajadili chembe za filamu na namna zinavyoshughulikiwa pindi sinema za zamani zinapotolewa upya kwa ubora wa juu kwa ajili ya watazamaji wa nyumbani. Hoja yake kuu ni kwamba chembe si uchafu uliotua juu ya picha, bali ndizo malighafi ya picha yenyewe, na kwamba kitenzi "kusafisha", kwa maana zake zinazopishana, kimechangia kuificha tofauti hiyo kwa wasemaji wa Kiswahili. Baada ya kueleza chembe hutoka wapi na huondolewaje, makala inachambua matoleo kadhaa yanayojulikana, kisha inaeleza kosa moja la tafsiri lililofanywa na mwandishi mwenyewe katika mradi wa kuhifadhi filamu za 16mm, na kupendekeza istilahi zinazoweza kutumika katika mikataba ya kazi za namna hiyo.

1. Utangulizi

Kabla ya simu zenye kamera kuenea, mtu aliyemaliza kupiga filamu ya picha 36 aliipeleka studio ikasafishwe. Kitenzi hicho kilieleweka na wote, kuanzia mpiga picha wa harusi hadi mtoto aliyetumwa kuzichukua picha zikiwa tayari. Filamu iliyotoka kwenye kamera ilibeba taswira fiche isiyoonekana kwa jicho, na dawa za maabara ndizo zilizoitokeza. Kusafisha filamu kulikuwa, kwa hakika, ni kuizaa picha.

Leo kitenzi hichohicho kinatumika kwa kazi iliyo kinyume chake. Kampuni inayotoa upya sinema ya mwaka 1970 kwenye diski ya Blu-ray husemwa kuwa "imeisafisha" picha, na mara nyingi kinachokusudiwa ni kwamba imetumia programu ya kompyuta kuondoa vidoadoa vinavyochezacheza juu ya nyuso, kuta na anga. Vidoadoa hivyo ndizo chembe za filamu. Ndizo zilezile zilizozaliwa filamu iliposafishwa kwa maana ya kwanza. Kitenzi kimoja kinataja kuzaliwa kwa chembe na kuangamizwa kwake, na sarufi haimpi msikilizaji dalili yoyote ya kutambua ni lipi kati ya hayo mawili linalofanyika.

Mtu anaweza kudhani kwamba suala hili ni la wachache wenye televisheni kubwa na muda wa kutosha wa kubishana. Mwandishi naye alidhani hivyo. Lakini teknolojia inayolainisha sinema za Marekani kwa ajili ya sebule za watu ndiyo inayotumiwa kuingiza katika kompyuta filamu za kilimo, afya na siasa zilizopigwa katika eneo letu, na wanaoifanya kazi hiyo huelekezana kwa Kiswahili.

2. Chembe ni nini

Filamu ya sinema ni ukanda wa plastiki uliopakwa tabaka jembamba la jelatini. Ndani ya jelatini hiyo zimetawanyika fuwele za halaidi ya fedha, nyingi zikiwa na upana usiozidi mikroni 2, yaani sehemu 2 za elfu za milimita. Fuwele zilizoguswa na mwanga hugeuzwa na dawa ya maabara kuwa fedha halisi inayoonekana nyeusi. Zile ambazo hazikuguswa huyeyushwa na kuondolewa. Katika filamu ya rangi, fedha nayo huondolewa mwishoni na kuacha viwingu vidogo vya rangi pale ilipokuwa. Anachokiona mtazamaji kama chembe si fuwele mojamoja, kwa kuwa hizo ni ndogo mno, bali ni mikusanyiko yake inayopandana katika kina cha jelatini.

Jambo la kushikilia hapa ni kwamba chini ya chembe hakuna picha nyingine. Uso wa mwigizaji, jani la mgomba na kivuli cha ukuta vyote vimeundwa kwa chembe na si kwa kitu kingine. Anayeziondoa ili aione picha vizuri zaidi ni sawa na anayefumua ukili ili aione vizuri nakshi ya mkeka.

Wingi wa chembe hutegemea hasa mambo mawili. La kwanza ni wepesi wa filamu kupokea mwanga: filamu inayoweza kupiga picha gizani huwa na fuwele kubwa zaidi, hivyo chembe zake huonekana zaidi. La pili ni ukubwa wa fremu. Fremu ya filamu ya 16mm ina eneo linalokaribia robo tu ya fremu ya 35mm, kwa hiyo ikikuzwa kujaza kioo kilekile, chembe zake hukuzwa maradufu kwa kila upande. Hili linatugusa moja kwa moja. Sehemu kubwa ya filamu za mafunzo za Afrika Mashariki na Kati zilipigwa kwa 16mm, tangu lile Jaribio la Sinema za Elimu kwa Wabantu lililoendeshwa Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937. Urithi wetu wa filamu una chembe nyingi kwa asili yake.

Kuna jambo la tatu ambalo huwashangaza wengi. Mtawanyiko wa chembe haufanani katika fremu mbili zozote. Ukisimamisha sinema katikati, fremu hiyo moja huonekana imeparara, na mstari mwembamba wa nywele au wa uzi huwa umekatikakatika. Iachie iendelee kwa mwendo wake wa fremu 24 kwa sekunde, na mstari ule hukamilika, kwa sababu jicho na ubongo hujumlisha fremu zinazofuatana: kipande ambacho fremu moja haikukinasa hunaswa na inayofuata. Kwa hiyo chembe hubeba maelezo madogo ya picha, na anayetathmini ubora wa toleo kwa kutazama fremu iliyosimama hupima kitu ambacho mtengenezaji wa filamu hakukusudia kionekane kamwe.

3. Kwa nini malalamiko yalianza na ubora wa juu

Diski ya DVD, katika mfumo unaotumika kwetu, ina pikseli 720 kwa 576, yaani 414,720. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ongezeko hilo la mara tano ndilo lililozileta chembe sebuleni. DVD na kanda za video zilizotangulia hazikuwa na nafasi ya kuzionyesha. Zilizimezwa pamoja na maelezo mengine madogo ya picha. Watazamaji waliolelewa na picha hizo wakazoea kuamini kwamba sinema haina chembe.

Huku kwetu mazoea hayo yaliongezewa kumbukumbu nyingine. Kwa waliokua na televisheni za antena, vidoadoa vinavyochezacheza kwenye kioo vina jina: chenga. Picha ya chenga ni picha mbovu, na dawa yake ni kumtuma mtoto apande juu ya bati akazungushe antena hadi mtu aliye ndani apaze sauti kwamba inatosha. Mtazamaji wa aina hii anapokutana na chembe kwenye diski aliyoambiwa ni ya ubora wa juu, huona chenga. Anahisi ametapeliwa. Na neno "ubora" linamuunga mkono, kwa sababu sisi watafsiri tumechukua kipimo cha idadi ya pikseli tukakigeuza kuwa sifa. Idadi ya pikseli husema ni maelezo kiasi gani yanaweza kuonyeshwa, yawe mazuri au mabaya. "Ubora wa juu" humwahidi mnunuzi kwamba hataona kasoro.

Pamoja na matarajio ya watazamaji kuna sababu ya kiuchumi. Video ya kidijitali hubanwa kwa kukisia fremu inayofuata kutokana na iliyotangulia, kisha kuhifadhi tofauti tu. Ukuta uliosimama haubadiliki, hivyo haugharimu karibu chochote. Chembe hubadilika kila fremu na hazikisiki. Kuzihifadhi hula biti nyingi. Blu-ray inaruhusu hadi megabiti 40 kwa sekunde kwa ajili ya picha, kiwango kinachotosha iwapo kazi imefanywa kwa uangalifu. Utiririshaji wa intaneti kwa kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya kiwango hicho, na hapo chembe zikibanwa kupita kiasi huvunjika kuwa miraba inayoyeyuka, jambo linalochukiza zaidi kuliko chembe zenyewe. Mfumo wa AV1, uliotolewa mwaka 2018, una njia ya kukwepa tatizo hilo: chembe huondolewa kabla ya kubana, takwimu za ukubwa na wingi wake hutumwa pamoja na picha, na kifaa cha mtazamaji hutengeneza chembe mpya zinazofanana nazo. Ni suluhisho la werevu kwa anayetazama kwa kifurushi kidogo cha data. Kwa kumbukumbu za taifa halifai, kwa kuwa kinachorudishwa ni mwigo.

4. Nyuso za nta

Programu za kupunguza chembe hufanya kazi kwa njia mbili, ambazo aghalabu huchanganywa. Njia moja hulinganisha fremu zinazofuatana na kuchukua wastani wake: kinachodumu huhesabiwa kuwa picha, kinachobadilika huhesabiwa kuwa kasoro. Nyingine hufanya wastani wa pikseli jirani ndani ya fremu moja. Ya kwanza huacha mkokoto nyuma ya vitu vinavyosogea. Ya pili hufuta vinyweleo vya ngozi, nyuzi za kitambaa na majani ya mbali. Kwa kuwa matokeo huwa ni picha iliyopoa, fundi huongeza programu ya tatu ya kukaza kingo, nayo huchora mzingo mweupe kuzunguka kila umbo. Mtazamaji wa haraka huiita picha hiyo kali. Ukali huo umepakwa baada ya maelezo halisi kufutwa.

Mfano unaotajwa mara kwa mara ni Patton, sinema ya mwaka 1970 iliyoongozwa na Franklin J. Schaffner na kupigwa kwa filamu ya 65mm. Kwa upana huo wa filamu, chembe zake ni ndogo mno, na hapakuwa na hoja ya kuzigusa. Hata hivyo toleo lake la Blu-ray la mwaka 2008 lililainishwa kiasi kwamba ngozi na vitambaa vilipoteza umbile lake. Awali wakaguzi wengi walilisifu kwa "usafi" wake; wajuzi wa urejeshaji wa filamu ndio waliolipinga. Mwaka 2012 sinema hiyo ilitolewa upya ikiwa imerudishiwa sura ya filamu. Predator, ya mwaka 1987, ilipitia safari ndefu zaidi: toleo la mwaka 2008 lilikuwa na chembe tele, la mwaka 2010 lilizifuta, na askari waliokuwa wakitoka jasho msituni wakawa na nyuso kama sanamu za nta, la mwaka 2018, katika mfumo wa pikseli 3840 kwa 2160, likarudisha chembe. Mnunuzi mwaminifu alilipia sinema moja mara tatu ili, mwishowe, arudishiwe alichonyang'anywa.

Aliens inatia ugumu katika hoja hii, na haifai kuirukwa. Mwongozaji wake, James Cameron, alisimamia mwenyewe toleo la mwaka 2010 na kupunguza chembe kwa makusudi, kwa maelezo kwamba filamu iliyopatikana mwaka 1986 ilikuwa na chembe kuliko alivyotaka. Je, mwenye kazi hana haki ya kuirekebisha? Mwandishi wa makala hii anaona anayo, kwa sharti kwamba toleo litajwe kuwa ni marekebisho na kwamba hali ya awali ibaki inapatikana. Toleo la mwaka 2024 la sinema hiyo, lililopitishwa kwenye programu za kompyuta zinazojifunza zenyewe, lilizua mjadala mkali zaidi, kwa sababu programu hizo haziishii kufuta. Hubuni maelezo pale ambapo hakuna na kuyachora.

Ni lazima pia kukiri kwamba si kila chembe ni ya asili. Nakala iliyotolewa kwenye nakala hubeba chembe za kila kizazi zikiwa zimerundikana, na sehemu zenye maandishi au mabadiliko ya taratibu kutoka picha moja hadi nyingine huwa na chembe kuliko sehemu jirani, kwa kuwa zilinakiliwa mara ya ziada maabarani. Kuzipunguza hapo kunaweza kuwa ni kuukaribia uasili. Kwa upande mwingine, kuna kazi ambamo chembe ni maana. Gillo Pontecorvo na mpiga picha wake Marcello Gatti waliipa Vita vya Algiers, ya mwaka 1966, sura ya filamu za habari kiasi kwamba nchini Marekani ilionyeshwa ikiwa na tangazo kuwa haina hata futi moja ya filamu ya habari. Ukizilainisha picha zile, unaondoa ushahidi ambao mwongozaji aliuigiza kwa makusudi.

5. Mpanzi asiye na mbegu

Miaka michache iliyopita niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili mwongozo wa kiufundi wa mradi wa kuingiza filamu za 16mm katika kompyuta. Zilikuwa filamu fupi za kilimo, mali ya taasisi ya umma ambayo sitaitaja. Mafundi walitoka nchi tatu, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mwongozo wa awali ulitaja kazi tatu tofauti: kuosha ukanda wenyewe ili kuondoa vumbi na ukungu, kuziba mikwaruzo na madoa kwenye picha iliyoskaniwa, na kupunguza chembe, kazi ambayo ilipaswa kufanywa kwa idhini ya maandishi tu. Zote tatu nilizitafsiri kwa "kusafisha". Nilifurahia hata ulinganifu wa istilahi hiyo.

Katika kikao cha kuupitia mwongozo, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya filamu alinyoosha mkono. "Mwalimu," alisema, "kwetu filamu husafishwa mara moja tu, ikitoka kwenye kamera. Hizi zilishasafishwa zamani. Tunasafisha nini tena?" Nilimjibu, "Mzee, hapa maana yake ni kuondoa uchafu." Akanyamaza kwa adabu. Lilikuwa jibu baya, na yeye ndiye aliyekuwa ameuliza swali la kiistilahi lililo sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo.

Programu ikawekwa katika kiwango cha juu na kuachiwa ifanye kazi usiku kucha. Filamu mojawapo inamwonyesha mkulima akipanda ulezi kwa kurusha mbegu mkononi. Mbegu inayopita hewani huonekana mahali fulani katika fremu moja, na katika fremu inayofuata haipo tena hapo. Kwa programu, kitu cha namna hiyo ni vumbi. Katika nakala iliyokamilika, mkulima anatembea shambani akirusha mkono mtupu, hatua baada ya hatua. Udongo chini ya miguu yake umekuwa kama zulia. Mvua ya filamu nyingine imefutwa yote, na watu wanakimbia kujikinga na mvua isiyonyesha.

Kama faili ghafi zingekuwapo, hasara ingerekebishwa kwa siku chache. Hazikuwapo. Picha ghafi za fremu mojamoja, zenye upana wa pikseli 2048, huhitaji takriban terabaiti 1 kwa kila saa ya filamu, na mtu fulani aliyetaka kubana matumizi alizifuta baada ya nakala "safi" kukubaliwa. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake: nani huhifadhi uchafu akishapata kilicho safi?

6. Istilahi na vifungu vya mkataba

Ninapendekeza kwamba "kusafisha" kubaki na maana yake kongwe ya maabara, na kwamba katika nyaraka za uhifadhi kazi zilizobaki zitengwe. Kazi ya maji na dawa juu ya ukanda iitwe "kuosha ukanda". Kazi ya kuziba mikwaruzo na madoa iitwe "kuziba kasoro". Kazi ya kugusa chembe iitwe "kulainisha", neno ambalo lina faida ya kutaja wazi matokeo yake: anayeidhinisha kulainishwa kwa picha hawezi kudai baadaye kwamba hakujua. "Chenga" libaki kwa hitilafu za mawimbi na za vifaa vya kielektroniki, "chembe" liwe la filamu peke yake. Neno "kelele", ambalo baadhi ya tafsiri za menyu za televisheni hulitumia kwa vyote viwili, lingefaa kuachiwa sauti.

"Ung'avu" nao unahitaji kutenganishwa na "ukali". Ung'avu ni kiasi cha mwanga. Ukali ni jinsi kingo za maumbo zinavyotengana. Na yote mawili si idadi ya pikseli. Mtu anayeongeza ukali kwenye rimoti yake anachora mizingo, hafichui chochote. Tangu mwaka 2020 baadhi ya televisheni zina hali maalumu ya kutazamia filamu inayozima ulainishaji na ukazaji wa kingo kwa pamoja; jina lake la Kiswahili bado halijatulia, na hapa wanaistilahi wana nafasi ya kuwahi kabla viwanda havijatuamulia.

Kwa washauri wa sera, kuna vifungu viwili visivyopaswa kukosekana katika mkataba wowote wa kazi hii. Kimoja ni kwamba faili ghafi ni mali ya hifadhi na hazifutwi, hata kama gharama ya kuzitunza inapita gharama ya kuziskani. Kingine ni kwamba kulainisha hakufanyiki ila kwa filamu iliyotajwa kwa jina, na sababu yake kuandikwa. Kanuni za maadili za FIAF, shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu lililoanzishwa mwaka 1938, tayari zinazitaka hifadhi ziondoe athari za muda na uchakavu bila kubadili asili ya kazi. Ugumu ni kuifikisha kanuni hiyo mezani kwa fundi, kwa maneno yasiyomwachia nafasi ya kukisia.

Filamu za asetati haziwezi kungoja kwa muda mrefu. Katika joto na unyevu plastiki yake huvunjika na kutoa asidi ile iliyomo kwenye siki, na harufu yake hufika puani kabla kopo halijafunguka vizuri. Ukanda husinyaa na kujipinda mpaka skana isiweze kuupokea. Makopo kadhaa ya mradi ule yameanza kunuka. Ombi la kuziskani upya filamu hizo limewasilishwa likiwa na tafsiri mpya ya mwongozo, na ile ya mpanzi wa ulezi imewekwa ya kwanza katika orodha.